Utungo wa Odell

Jumanne hiyo Corinne Lindqvist alikuwa jikoni kwake mjini Duluth, ananyonya kijiti cha mwanzi cha mdomo wa saksafoni kilainike, huku akitazama viatu vilivyojaa mlangoni. Jozi arobaini na moja. Kila utungo aliowahi kuupiga kwa mara ya kwanza ulimfuata nyumbani, ukavua viatu kwa adabu, ukakaa. Tungo hizo hazili, hazisemi. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na katika muziki huu wa kisasa wa ukumbini hiyo ndiyo sheria: utungo hupigwa mara moja, basi. Zingekwenda wapi?

Utungo mmoja ulikuwa wa Odell Pruitt, mwalimu wake wa zamani, ulioandikwa kwa saksafoni na fidla kumi na mbili. Siku ulipopigwa, Odell alikuwa chumba cha upasuaji. Sasa yuko nyumba ya wazee, moyo umechoka, na ombi lake ni moja tu: ausikie kabla hajafa.

Corinne akampigia simu Brent, mkuu wa tamasha, kuomba upigwe tena.

"Umeshapigwa huo," Brent akasema.

"Mara moja, miaka tisa iliyopita."

"Dada yangu, watu wanataka mwali. Mjane nimpeleke wapi?"

Hakuwa mtu mbaya, Brent. Hilo ndilo linaloudhi.

Basi utungo wenyewe ukavaa viatu, ukapanda basi, ukaenda kukaa kando ya kitanda cha Odell. Muuguzi akauletea kiti. Odell aliutambua mara moja, maana ulikuwa na masikio yake.

"Ulikuwaje siku ile?" akauuliza.

Haukuweza kujibu. Bila wapigaji wake hauna sauti. Ulimshika mkono siku nne, na Ijumaa asubuhi Odell akafa. Corinne alilia, zaidi kwa hasira.

Wiki iliyofuata Brent akapiga simu, mwenye huzuni ya kweli, maana alimpenda mzee. Wamepata wafadhili wa kumuenzi: ukumbi mkubwa, fidla kumi na mbili, na utungo mpya kabisa.

"Si tupige wake?" Corinne akasema.

"Wake si mpya."

Angekataa, wangemtafuta mwingine. Mwezi wa tano akaupiga huo mpya. Ulikuwa mzuri, watu walisimama, wengine wakifuta machozi kwa ajili ya Odell. Kisha ukamfuata nyumbani, ukavua viatu mlangoni. Utungo wa Odell, uliokuwa umesharudi, ukasogea kidogo kwenye kochi, ukaupisha ukae.