Takataka Kona ya Tatu

Kila siku, akishaosha vyombo vya mchana, Verna Absher alitia betri mpya kwenye redio yake, akafunga mikate miwili ya jibini kwenye karatasi, akabeba kiti cha kukunja na kwenda kukaa kando ya barabara, mkabala na nyumba ya Garland Teague, ili amwelekeze marehemu mwanawe mahali pa kutupia takataka. Mvua ikinyesha alichukua mwavuli. Jumapili alichelewa kidogo, kwa sababu mchungaji wa Roan Fork hakujua kufupisha maombi.

Redio ilikuwa ileile ya siku zote. Tangu mwanawe Coy alipoanza mbio za magari, Verna ndiye aliyekuwa mwelekezi wake. Alisimama juu ya paa la jukwaa kuu, amevaa vipokea sauti masikioni, akamwambia yale ambayo dereva aliyefungwa mikanda hawezi kuyaona. Akisema "ndani", kuna gari ubavuni kwake upande wa ndani. Akisema "nje", liko upande wa ukuta. Akisema "njia nyeupe", hakuna mtu, kanyaga mafuta. Watu walimtania Coy kwamba macho yake ameyaacha juu ya paa, naye akawajibu kwamba huko ndiko yanakoona vizuri.

Uwanja wa Roan Fork ulikuwa wa Garland Teague. Chama kilichotunga kanuni za mbio kilikuwa cha Garland Teague, alikirithi kwa baba yake pamoja na mabanda ya kuku. Kamati ya rufaa ilikuwa Garland Teague, shemeji yake, na mwanasheria wa Garland Teague, na ilikutana jikoni kwa Garland Teague. Gari lililomfuata Coy kila Jumamosi lilikuwa la mpwa wa Garland Teague. Hakuna aliyeona ajabu. Mambo yalikuwa hivyo tangu zamani, na watu wa bonde lile la Carolina Kaskazini si watu wa kuuliza uliza.

Jumamosi moja ya Aprili Coy alikuwa anaongoza kwa karibu nusu mzunguko, na gari lenyewe alilitengeneza kwenye banda la kuku la marehemu baba yake. Watu walikuwa wameanza kukunja mablanketi yao waondoke. Kwa Garland hilo lilikuwa balaa. Watu hawalipi kiingilio, alipenda kusema, kuja kuangalia gari moja likijizungukia. Akashika redio ya uwanja, akatangaza kwamba kuna takataka kona ya tatu, kipande cha chuma, ukubwa wa kiganja. Bendera ya njano, ya tahadhari, ikapepea. Gari la kuongoza, lile linalotangulia wote polepole wakati wa njano, likaingia taa zake za juu zikiwaka, magari yote yakapunguza mwendo na kujipanga nyuma yake, na ile nusu mzunguko aliyowaacha Coy ikaisha hivi hivi. Watu wakakunjua mablanketi, wakakaa.

Verna aliiona kona ya tatu yote, kuanzia ukutani mpaka kwenye nyasi. Lami ilikuwa safi kama meza ya Bwana.

"Mama, unakiona hicho chuma?" Coy aliuliza.

"Sioni kitu."

"Sasa hii njano ya nini?"

"Fuata bendera, mwanangu. Utawaacha tena."

Bendera ya kijani, ya kuanza tena, iliposhuka, mpwa wa Garland aliingiza pua ya gari lake chini ya bampa la Coy, na Coy akaenda ukutani. Verna alikuwa bado amebonyeza kitufe cha redio. Alikuwa akisema "ndani, ndani, ndani," na aliendelea kusema hivyo hata baada ya jukwaa zima kunyamaza.

Alikata rufaa. Kamati ilimsikiliza jikoni, ikasema kwamba chuma kilikuwepo, kiliokotwa, kikatupwa. Alipouliza nani alikiokota, kamati haikukumbuka. Kuhusu mpwa, kamati ilisema hayo ni mambo ya mbio. Imogene, mkewe Garland, alimkatia Verna kipande cha keki ya nazi, naye akakiacha kwenye sahani. Hakuja kula. Alitaka jambo moja tu: Garland asimame mbele ya jukwaa, ashike kipaza sauti, aseme hapakuwa na kitu kona ya tatu. Garland akasema atalifikiria, kwa ile sauti ya mtu ambaye ameshamaliza kufikiria. Verna akatoka pale akiwa anamchukia kwa utulivu kabisa, na chuki hiyo ilimfaa kuliko dawa zote alizopewa na daktari.

Wiki moja baada ya mazishi, Verna alikuwa anasugua sufuria pale redio iliyokuwa juu ya rafu ilipokoroma, na Coy akaita.

Alisema yuko nyuma ya gari la kuongoza, anazunguka tu. Wamemwambia hapewi kijani mpaka takataka ziondolewe, na kwa kuwa hakuna anayeziondoa, ameanza kuziokota mwenyewe. Verna alifuta mikono, akamuuliza kama anakula. Coy alisema huko hawasikii njaa. Kisha akaeleza kwamba kila takataka iliyowahi kutangazwa Roan Fork kwa redio, hata zile za enzi za mzee Teague, ipo barabarani alipo yeye: bolti, vipande vya tairi, springi, chupa za maji. Kasoro hicho chuma cha kona ya tatu, ambacho bado anakitafuta. Shida yake ni kwamba hajui azitupe wapi.

Verna alitundika taulo kwenye msumari wake.

"Nyumba ya Garland unaikumbuka?"

"Naikumbuka, Mama."

"Basi tupia hapo."

Bolti ya kwanza iliangukia bakuli la viazi vya kuponda, Jumapili, familia ya Teague ikiwa mezani. Garland aliitoa kwa kijiko, akaifuta, akaiweka kando ya sahani yake na kuomba apitishiwe mchuzi. Ya pili ilivunja dirisha la choo. Katikati ya juma bima ilituma mtu wake, naye akapima matundu ya paa, akaona kwamba mkataba wa Garland haugusi vipuri, na kwa kuwa alikuwa mtu mwema akaandika mvua ya mawe.

Mwanzoni Coy hakuwa na shabaha. Nusu ya mzigo iliishia kwenye shamba la mahindi, na springi moja ililibonyeza gari la mchungaji, ambaye hakuwa na kosa zaidi ya yale maombi. Ndipo Verna alipoanza kwenda na kiti chake. Aliketi akaangalia juu, akaelekeza kama alivyozoea. "Nje kidogo. Nje. Sasa ndani. Ndani. Hapo." Baada ya siku chache Coy aliweza kuliangusha bomba la moshi, kuvunja kioo cha lori jipya, na kupitisha nati katikati ya tundu lililokuwepo bila kulipanua.

Hoyt Mabe, aliyeuza karanga za kuchemsha kwenye geti la uwanja, alikuwa akipita na gari lake na kusimama kuangalia.

"Bi Verna, huyu kijana analenga kuliko alipokuwa hai."

"Anafanya mazoezi kila siku."

"Mwambie basi lile lori asilimalize. Namdai Garland pesa za karanga, na pengine itabidi nichukue hata usukani."

Verna alimpa mkate mmoja, wakala, huku kipande cha tairi kikidunda kwenye baraza ng'ambo ya barabara.

Imogene alihamia kwa dada yake Statesville. Garland alibaki. Alianza kuvaa helmeti akienda kuchukua barua, kisha akaivaa akila, na mwishowe akawa analala nayo. Alikonda. Verna aliyaona hayo yote kutoka kwenye kiti chake, na moyo wake ukaburudika, wala hakuona sababu ya kuficha.

Lakini Garland hakuwa mjinga. Vitu vilivyoanguka alivikusanya kwenye mapipa, na mapipa yalipojaa alivipeleka uwanjani. Chama kikakaa jikoni na kupitisha kanuni mpya: kila kona itakuwa na mtu mwenye ndoo, na kabla ya bendera ya njano kutolewa, mtu huyo atarusha kitu kimoja barabarani, ili kila takataka itakayotangazwa iwepo kweli na ionwe na wote. Gazeti la wilaya likaisifu kanuni hiyo. Mashabiki walisema afadhali, sasa chama kinasikiliza watu. Njano zikaongezeka, kwa sababu mali ilikuwa inashuka bure kutoka mbinguni, na mpwa wa Garland akashinda Jumamosi zote za Juni.

Hoyt ndiye aliyemletea Verna habari hizo. Verna alizisikiliza mpaka mwisho, kisha akabonyeza kitufe.

"Coy. Acha hizo ndogo ndogo. Anza na kubwa."

Garland alivuka barabara mwanzoni mwa Julai, helmeti kichwani, glasi ya chai baridi mkononi. Alimpa Verna ile glasi, akachuchumaa kando ya kiti kwa sababu hakukuwa na kiti kingine.

"Verna, yamenifika shingoni."

"Naona."

"Mke wangu hataki kurudi. Usingizi sina. Nakuomba kama jirani."

"Unajua ninachotaka. Kiseme nikunje kiti changu."

Garland alielekeza kidole upande wa pili wa barabara, kwenye ua wake.

"Ungenibana wiki ile ile labda ningesema. Leo nasimamaje mbele za watu niseme hapakuwa na kitu? Wewe mwenyewe angalia pale. Vyote nilivyotangaza vilikuwepo. Bado kimoja."

Kisha akamweleza alichokuja nacho, maana habari za Coy na barabara yake alikuwa ameshazipata kwa Hoyt. Kile chuma cha kona ya tatu siku kikipatikana, Coy akidondoshe taratibu mikononi mwake. Kamati itakaa upya, itakiona kwa macho, itaandika kwamba bendera ilikuwa halali, na shauri litakwisha. Mbio za Aprili zitaitwa kwa jina la Coy. Na kijana mwenyewe barabara yake itakuwa imesafishwa, atapewa kijani, aende zake.

"Si ndicho anachongoja?" alisema Garland. "Mhurumie."

"Wewe ndiye uliyemtolea njano."

"Na wewe ndiye uliyemwambia aifuate."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayekumbusha jambo lililokwisha kuandikwa, akainuka, akapangusa vumbi magotini, akavuka kurudi kwake. Alipofika katikati ya barabara nati iligonga helmeti yake ikaruka pembeni. Hakugeuka. Alikaa kwenye ngazi ya baraza, akanyoosha mkono wake juu ya goti, kiganja wazi, akangoja.

Verna aliimwaga chai kwenye majani.

Jua lilikuwa bado kali pale Coy alipoita.

"Mama, nimekipata."

"Kipi?"

"Kile chuma. Kona ya tatu, palepale aliposema. Ni kama kiganja kweli. Nimekishika." Alicheka kidogo, kicheko kile cha utotoni akirudi na samaki. "Kwingine kote ni safi. Nimezunguka mara mbili kuhakikisha. Na gari la kuongoza limezima taa zake za juu."

Verna alijua maana ya taa kuzimwa. Dereva yeyote anajua. Mzunguko mmoja tena, halafu kijani.

"Nikitupe wapi, Mama? Halafu niambie kama njia nyeupe, niende."

Ng'ambo ya barabara Garland hakuwa ametikisika, na kiganja chake kilikuwa bado wazi. Verna angeweza kumwambia Coy akitupe mtoni, kwenye kina, ambako hakuna Teague atakayekiokota maisha yake yote. Kamati isingepata ushahidi, na mwanawe angeondoka akiwa huru. Aliliwaza hilo kwa haki, akalipa muda wake. Kisha akawaza usiku wa leo kule ng'ambo, paa limetulia, Garland amevua helmeti na kulala fofofo, na kesho Imogene anarudi na masanduku yake.

Akabonyeza kitufe.

"Hicho kiweke miguuni pako. Usikitupe."

"Sawa. Njia nyeupe?"

Ilikuwa nyeupe. Kwa namna ambayo hakuwahi kuwa nayo juu ya lile paa, aliiona barabara nzima alipo mwanawe, kona zote, lami nyeusi iliyofagiliwa vizuri, na mbele yake mtu ameshika bendera ya kijani, anaanza kuinua mkono.

"Bado," alisema Verna. "Kuna takataka kona ya tatu."

"Mama, nimetoka huko sasa hivi. Sikuona kitu."

"Mimi naona kutoka huku. Injini. Injini nzima, na gia yake."

Verna aliushika mguu wa kiti kwa mkono wa kushoto.

"Kweli," alisema Coy hatimaye. "Ipo. Sijui ilinipitaje." Alivuta pumzi, na sauti yake ikawa ya mtu aliyechoka ambaye bado ni mtiifu. "Na zile taa za gari la kuongoza zimewaka tena."

"Iokote hiyo injini. Nitakuelekeza."

"Sawa, Mama. Nafuata bendera."

Verna alisogeza kiti chake kidogo ili jua lisimpige machoni. Garland aliangalia juu, akakunja kiganja chake, akarudi ndani polepole na kufunga mlango, na Verna akaanza kuhesabu vyumba kwa macho, akisema nje, nje kidogo, sasa ndani.