Trei Iliyokataa Kupata Moto

Kwa sikukuu kumi na tisa mfululizo, mboga za Kiitaliano katika hoteli ile zilikuwa za shangazi yangu. Bilinganya, zukini, pilipili hoho na nyanya, zote zimekatwa duara na kupangwa kwenye trei zikilaliana kama vigae. Juu yake mafuta ya zeituni, kitunguu saumu na chenga za mkate mkavu. Dakika arobaini kwenye oveni, basi. Kazi nyepesi, alikuwa akisema, hata meneja angeiweza.

Sikukuu ya ishirini hakuiona. Mwezi mmoja kabla alikutwa amekufa ndani ya chumba cha baridi. Kitasa cha ndani kilikuwa kimevunjika na alikuwa amekiripoti mara tatu. Tarehe zote tatu ninazo kichwani. Siku hiyo mimi, muosha vyombo wa jiko lile, nilikuwa kwenye sinki, mabomba mawili yanamwaga, sikusikia kitu. Hoteli ikaandika karatasi yake: presha, alianguka ghafla, mlango mzima.

Karatasi ilikosa saini ya binti wa shangazi tu. Binamu yangu huyo, mama wa watoto wawili, alikuwa amepewa nafasi ya marehemu kwa majaribio. Asubuhi ya sikukuu meneja akamfuata jikoni. Tulimwita Tabasamu, maana hata akikufukuza kazi meno yote yako nje.

"Dada, saini leo, kesho una ajira ya kudumu. Usiposaini, sikukuu ikiisha na wewe umeisha."

"Ngoja kwanza nitoe chakula, bosi. Mikono ina mafuta."

Saa sita binamu akatoa trei. Chenga zimepata rangi, mafuta yanatokota pembeni. Akachomeka kipimajoto: pembeni tisini. Katikati, mbili.

"Mbili nini?" nikamuuliza.

"Nyuzi mbili, kaka. Njoo uone mwenyewe."

Nikaona. Kisha nikageuka kutazama kipimo kilichoko kwenye mlango wa chumba cha baridi. Mbili.

Akairudisha. Mara ya pili kingo zilitoka nyeusi, na nyanya za katikati zimefunikwa ukungu mweupe, kama kioo kilichopumuliwa. Mhudumu akachungulia. "Meza nane zinaniuliza mboga. Mnapika au mko matangani?" Binamu akapanga trei nyingine, akatumia oveni nyingine. Mbili.

Tabasamu akaja mbio. "Kipimo kibovu hicho!" Akatumbukiza kidole katikati ya bilinganya, akakichomoa upesi na kukitia mdomoni. Kilipotoka, ncha ilikuwa nyeupe kama chaki. Akakitazama kidogo, kisha meno yakarudi nje.

"Pelekeni hivyo hivyo. Semeni ndivyo Waitaliano wanavyokula."

Na wageni wakala! Nilisimama mlangoni nikiwaangalia. Walikula ile baridi, wakasema inaburudisha, wakaomba waongezewe. Mpaka leo sijawasamehe.

Tabasamu akarudi jikoni sifa zimemlewesha, karatasi na kalamu mkononi. Binamu aliweka kiganja chake katikati ya kile kilichobaki kwenye trei, akakiacha hapo.

"Bosi, mama alikaa ndani ya chumba kile cha baridi muda gani?"

"Aa, muda gani! Si kitambo, dada. Aligonga mara chache tu, akanyamaza."

Mashine ya chumba cha baridi ikazima, na haikuwahi kuzima mchana.

"Aligonga," binamu akasema.

"Namaanisha... Tulikuwa na wageni, unajua jinsi..."

"Nani alisikia?"

Meno yalikuwa bado nje, lakini macho yalikuwa kwenye mlango ule.

Binamu akainua kiganja, akakifuta kwa aproni, akapokea kalamu. Alilikata neno presha kwa mstari. Chini yake akaandika maneno ya meneja kama yalivyomtoka, neno kwa neno, pamoja na saa. Akasaini. Nami nikasaini kama shahidi, povu bado limenijaa viganjani.

"Lete hiyo," Tabasamu akanong'ona. "Dada, una watoto."

"Ninao," akasema. Akausukuma mlango wa ukumbini kwa bega na kuanza kuwasomea wageni karatasi ile kwa sauti, wakiwa bado na uma mdomoni.