Alama Nyekundu kwenye Kibanda cha Mama Beth

Kama shule ya Sifuna ingekuwa inatoa cheti cha utundu, kingekuwa kimetundikwa sebuleni kwao Kiganjo, karibu na picha ya harusi ya wazazi wake. Ni yeye aliyemwandikia mwalimu wa zamu barua ya uhamisho wa kwenda Lodwar, ikiwa na muhuri uliochongwa kwa kiazi, na mwalimu akaaga watu wawili kabla ya kugundua. Alikuwa na kipawa kimoja kikubwa: uso wake haukucheka. Angeweza kukuambia nyumba yenu inaungua kwa utulivu wa mtu anayesoma matangazo ya kanisa.

Jumamosi moja kidato cha tatu kilipelekwa katikati ya mji wa Thika kuona jinsi mji unavyojengwa upya baada ya tetemeko la ardhi la mwaka uliopita. Mwalimu Gerishon wa jiografia aliwaagiza waje na daftari, kalamu na heshima. Sifuna alisahau kimoja.

Msimamizi wa ujenzi, Bwana Kagwe, aliwapa kila mmoja helmeti ya manjano na reflekta, lile koti lisilo na mikono linalong'aa. Kisha akawaeleza alama zilizopulizwa kwa rangi kwenye kuta zilizobaki.

"Duara jekundu, tunarekebisha. X nyekundu, inabomolewa."

"Na mwenye nyumba akikataa?" aliuliza Muriithi, rafiki wa Sifuna.

"X haikataliwi, kijana. Unatoa vyombo."

Halafu akawaonyesha maajabu ya eneo hilo. Jengo la ghorofa sita lililokuwa na lifti lilikuwa sasa rundo la kifusi. Hatua ishirini kutoka hapo vilisimama vibanda vitatu vya mabati ambavyo tetemeko lilivitikisa, likachoka, likaviacha. Cha kwanza kilikuwa cha Kimanzi, fundi viatu. Cha pili cha Apiyo, muuza mitumba. Cha tatu, chenye namba 37, kilikuwa cha Mama Beth, aliyewapikia mafundi chai na githeri.

"Leo saa nane karani anakuja kuvipiga picha," alisema Kagwe. "Kibanda cha zamani kilichosimama, mwenyewe anapata nafasi ndani ya soko jipya. Kilichoanguka, pole yake. Mama Beth amelinda hiki miezi kumi na mmoja. Hata mazishi ya dadake alienda asubuhi akarudi mchana, wasije wakakiiba."

Wanafunzi waliandika. Sifuna hakuandika. Alikuwa ameona mkebe wa rangi nyekundu ya kupuliza ambao Kagwe aliuacha juu ya matofali.

Kagwe na Mwalimu Gerishon walipoongoza darasa kwenda kuona nguzo kwenye ghorofa ya tatu ya jengo jipya, wawili walibaki nyuma. Mama Beth alikuwa amekwenda kuwapelekea mafundi chai. Sifuna akapiga X moja safi, kubwa, kutoka pembe hadi pembe ya mlango wa mabati.

"Buda, leo si anapigwa picha?" Muriithi alinong'ona.

"Ndiyo maana ni leo. Ingekuwa kesho, ameshapata nafasi, angecheka mapema sana." Sifuna aliurudisha mkebe mahali pake. "Atapiga nduru, atakimbia kwa Kagwe, Kagwe atashangaa, sisi tutakuwa tumeshakula lanchi."

Mama Beth alirudi na birika tupu na vikombe vinane kwenye ndoo. Aliona mlango. Aliweka ndoo chini polepole, vikombe visigongane. Kisha akageuka na kumwona kijana mrefu mwenye helmeti na reflekta akija, mikono nyuma, kama mtu aliyesomea mambo hayo ng'ambo.

"Injinia," alisema. "Hii ni yangu?"

"Ndiyo, mama. Namba 37."

"Ni ya saa ngapi?"

Sifuna alitazama saa yake. Ilikuwa saa sita kasorobo. "Saa saba. Tingatinga iko njiani."

Akangoja nduru. Nyuma ya rundo la kokoto Muriithi alikuwa tayari ameuma mkono wa sweta yake.

"Asante kwa kuniambia, Injinia," alisema Mama Beth. "Wengine huwa hawasemi."

Aliingia ndani, akatoka na nyundo ya kung'oa misumari.

Jambo hilo halikuwa kwenye mpango. Sifuna alibaki amesimama na uso wake wa matangazo ya kanisa huku msumari wa kwanza ukitoka ukilia. Kimanzi na Apiyo walikuja mbio. Kila mmoja alizunguka kwanza kibanda chake kutafuta alama, na alipoona hakuna, alishusha pumzi, akaona aibu, akaja kusaidia. Hakuna aliyeuliza swali. Kimanzi alipanda juu ya stuli, Apiyo akapokea mabati, Mama Beth akawa anakusanya misumari kwenye kopo na kuinyoosha mmoja mmoja.

Muriithi alimkaribia Sifuna. "Mwambie."

"Ngoja kidogo."

"Ukuta unatoka, manze. Mwambie."

"Nitamwambia. Nangoja aweke nyundo chini."

Nyundo haikuwekwa chini. Mwishowe Sifuna alisogea na kusema, kwa ile sauti nzito aliyoianza na ambayo sasa hakujua pa kuiacha, "Mama, pengine ungemuuliza Bwana Kagwe kwanza."

Mama Beth alicheka bila kuinua kichwa. "Nimuulize? Nilikuwa Kamakis mimi, kando ya barabara, nina jiko na meza nne. Wakaweka X. Nikasema, ngai, lazima ni makosa, mimi nina karatasi. Nikaenda kuuliza. Ofisi ya kwanza wakanituma ya pili, ya pili wakaniambia ningoje mkubwa atoke mkutanoni. Niliporudi nilipata mabati yamekunjwa kama chapati, na jiko langu liko katikati." Aling'oa msumari mwingine. "Siku hiyo nilisema, X nyingine ikinipata, siulizi mtu. Nafasi wachukue. Mabati nabaki nayo. Shika hapo, Injinia, usaidie."

Injinia akashika hapo.

Saa saba kasorobo hapakuwa na kibanda. Palikuwa na mraba wa udongo mkavu, mawe matatu ya jiko, na mabati kumi na moja yaliyopangwa vizuri kuliko vitabu vya Sifuna. Mama Beth alijifuta jasho kwa leso, akatazama upande wa barabara, akingoja tingatinga kwa fahari kidogo. Safari hii haingempata.

Filimbi ililia. Darasa lilishuka, na kila mwanafunzi akarudisha helmeti na reflekta kwenye gunia. Sifuna alirudisha zake. Chini yake palikuwa na kichwa kilichonyolewa kwa amri ya shule, masikio mawili makubwa, na sweta ya kijani iliyotoboka kiwiko.

Aliyekuja hakuwa tingatinga. Alikuwa karani, Nyawira, msichana mwenye haraka na tableti, amefika mapema ili awahi harusi Ruiru. Akampiga picha Kimanzi mbele ya kibanda chake, kisha Apiyo mbele ya chake.

"Thelathini na saba iko wapi?"

"Hii hapa," Mama Beth alisema, akionyesha mabati.

"Mama, napiga picha ya kibanda. Hii ni mizigo."

Kagwe alifika, akaona X kwenye bati la juu. "Hii nani ameweka? Mimi upande huu sijaweka alama."

"Injinia wako," alisema Mama Beth. "Yule mrefu. Mpole. Hata amenisaidia kubeba."

"Sina injinia mwingine hapa."

Mama Beth alitazama nyundo, akamtazama Nyawira. "Nikikirudisha sasa hivi? Nusu saa tu. Misumari ninayo yote."

"Ukikirudisha kitakuwa kipya, mama. Vipya haviko kwa orodha." Nyawira aligusa tableti. Haikuchukua muda.

Ndipo Sifuna alipoinua mkono, kama darasani. "Ni mimi. Ndimi niliyekuwa injinia."

Mama Beth alimtazama masikio, akamtazama sweta. Aliangalia kwa makini, maana alitaka sana kumpata huyo mtu. "Wewe mtoto, tafadhali," alisema. "Nimeongea na yule mtu. Namjua."

"Huyu?" Mwalimu Gerishon alikuwa amechoka. "Mama, msamehe. Huyu hata kwenye matanga anaweza kusema yeye ndiye marehemu. Sifuna, ingia kwa basi. Tutaongea shuleni."

Muriithi alikuwa akifunga kamba za viatu. Alizifunga, akazifungua, akazifunga tena.

Sifuna aliteremsha mkono, na katika kuuteremsha akaona kidole chake cha shahada. Kilikuwa chekundu kuanzia ncha hadi kiungo cha pili, rangi ya ule mkebe, ambayo hakuna mwanafunzi mwingine wala mwalimu aliyekuwa nayo. Ingetosha kukiinua. Labda Kagwe angegomba, labda Nyawira angefungua tena orodha yake, labda mwalimu angepiga simu nyumbani na shule ingemfukuza kabla ya mtihani. Aliyapima yote hayo kwa umakini ambao jiografia haikuwahi kuupata kwake. Kisha akatia mkono mfukoni.

Kimanzi alikuwa amekopa mkokoteni. Mama Beth aliinama kwenye mabati, akatafuta mtu wa kushika upande wa pili, na aliyekuwa karibu alikuwa huyo mtoto mwenye masikio.

"Haya basi, wewe unayetaka kuwa injinia. Nisaidie haya mpaka pale."

Sifuna alishika kwa mkono mmoja. Bati likayumba, likamkwaruza kifundo cha mkono.

"Toa huo mkono mwingine mfukoni," alisema Mama Beth. "Litakukata."

"Niko sawa hivi, mama."