Kifuniko Kilichotekwa Matangani

Siku kaka yangu Ildefonsi alipokufa, mashine ya kusaga ya Ruangwa ilikuwa kimya tangu jioni iliyotangulia, na aliyeizima ni yeye mwenyewe. Aliifungia mafuta, akaifuta kwa tambara, akarudi nyumbani akisema kichwa kinamgonga. Ilikuwa masika ya mwaka 1956. Asubuhi walimpakia kwenye lori wampeleke hospitali Nachingwea, lori likakwama mtoni. Akafia pale, amelala juu ya magunia matupu, maji yakipita chini yake.

Mimi niliitwa kutoka shuleni. Nilikuta kaburi linachimbwa.

Kwetu Wamwera, Wayao ni watani wetu, na msiba usio na mtani hauna atakayewafuta watu machozi. Mtani hasa wa Ildefonsi alikuwa Mwamina wa Lionja. Walijuana tangu siku za mashamba ya karanga kule Nachingwea, kaka akiendesha trekta na Mwamina akiwauzia madereva uji. Alifika matangani akaichukua kofia ya marehemu bila kuuliza, akaivaa, akaanza kutembea kama yeye, bega moja chini, kiganja sikioni.

"Nyamazeni!" akasema kwa sauti nzito. "Ng'ombe wangu anakohoa!"

Hivyo ndivyo Ildefonsi alivyokuwa akiisikiliza injini yake. Watu walicheka. Mama naye alicheka huku analia, na hapo ndipo alipokubali kunywa maji.

Mwamina hakuishia hapo. Alikwenda kwenye banda la mashine akarudi na kifuniko cha shaba cha tangi la mafuta, amekiinua juu kama mwizi aliyekamatwa na asiyejali.

"Nimeuteka mdomo wa ng'ombe wenu! Anayeutaka aje Lionja na jogoo. Tena awe amenona, si hivyo vijogoo vyenu vinavyogombea panya na nyinyi!"

Kitu kilichotekwa na mtani hakidaiwi kwa hasira, wala hakichukuliwi kwa ujanja. Kinakombolewa. Ilikuwa juu yangu kukikomboa kabla matanga hayajavunjwa, kwa kuwa baba alikwishatangulia na mwanamume wa nyumba nilikuwa mimi. Lakini siku zile sikuweza kufikiri hata habari ya kunawa uso, sembuse jogoo. Mwamina alimrudishia mama kofia, akakifunga kifuniko kwenye pindo la kanga, akaenda zake.

Matanga yalipokwisha, mwenye mashine, Mzee Abdalah, alinijia. Injini ile aliinunua pale mashamba ya karanga yalipofungwa na vyuma vikauzwa, na mtu pekee aliyeijua ni Ildefonsi. Mimi nilikuwa nikimsaidia kila likizo.

"Kornel, shule imekwisha kwako?"

"Imekwisha, mzee. Siwezi kumwacha mama."

"Basi iwashe."

Tangi halikuwa na kifuniko. Nikachonga kizibo cha mninga, nikakizungushia ukanda wa mpira wa baiskeli, nikakipigilia kwa kiganja mpaka kikakaa sawasawa. Nilikichonga kwa uangalifu kuliko kitu chochote nilichowahi kuchonga. Banda la mashine lina vumbi la pumba, na kaka hakuwa na adui kama vumbi kwenye mafuta. Nilitaka akipita pale, kama wafu hupita, aone hakuna hata chembe inayoingia.

Injini iliwaka. Ule mdundo wake ukatoka bandani ukavuka mikorosho mpaka nyumbani kwetu. Jioni nilimkuta mama amekaa nje, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu msiba. Hakusema amesikia mashine.

"Leo nimemsikia," alisema.

Kesho yake, katikati ya debe la mtama la mwanamke mmoja wa Nandagala, injini ilikohoa ikazima. Nilizungusha hendeli tena na tena. Haikuwaka.

Ildefonsi alinifundisha kwamba dizeli haina mambo mengi. Inataka hewa, inataka mafuta, inataka kubana hewa hiyo ndani yake. "Ikigoma, kuna kimoja inanyimwa," alikuwa akisema. "Tafuta hicho. Usiifungue yote kama kuku wa sikukuu." Hendeli ilikuwa nzito mkononi, kwa hiyo kubana kupo. Hewa ilikuwa inavutwa, niliisikia. Lakini bomba la moshi halikutoa hata uzi wa moshi, na pasipo moshi hakuna mafuta yanayofika. Tangi nalo nilikuwa nimelijaza asubuhi kwa mkono wangu.

Nikasema ni chujio. Nililitoa, nikaliosha, na kwa kuwa nilikuwa nimemwaga mafuta kidogo nikafungua kizibo nikaongeza. Nikalegeza skrubu kutoa hewa iliyoingia bombani, nikazungusha. Ikawaka! Nikajiambia nimepata.

Siku iliyofuata ilizima tena, jua likiwa bado halijapanda. Nikasema ni uchafu ndani ya bomba. Nilimimina mafuta yote kwenye karai, nikapuliza bomba kwa mdomo, nikajaza upya. Ikawaka. Siku nyingine ikazima, nikakaza maungio yote, nikayapaka sabuni, nikaongeza mafuta. Kila nilichokisafisha kilionekana ndicho chenye kosa, kwa sababu nikishakisafisha injini iliwaka. Na haikuchukua muda ikafa.

Wanawake walianza kurudi kwenye vinu vyao. Mama aliacha kukaa nje. Siku ambayo mdundo ulikatika kabla ya adhuhuri, hakula.

Mzee Abdalah alikuja akakaa juu ya gunia. Alimpenda Ildefonsi, na alipata tabu kuanza.

"Mwanangu, mashine isiyosaga ni chuma tu. Kuna mtu wa Lindi anaitaka. Lori lake linafika siku ya soko. Ikisaga siku hiyo mpaka jua kuzama, itabaki hapa. Ikizima, wataipakia."

"Haitazima, mzee."

Nilisema hivyo kwa kuwa sikuwa na neno lingine. Nilikuwa nikimwona mama amekaa ndani, amegeuzia sikio upande wa mikorosho, na hakuna kinachokuja.

Siku ya soko watu walijaa. Lori lilikuwa limeegeshwa kando ya banda, dereva amelala ndani, miguu nje ya dirisha. Niliiwasha injini mapema na ikasaga vizuri, nami nikaanza kutumaini. Kisha ikakohoa. Nilimwona Mzee Abdalah akigeuza uso. Ikanyamaza.

"Kornel!" aliita mwanamke mmoja kwenye foleni. "Ng'ombe kalala huyo! Mpe pumba!"

"Mwache," mwingine akamjibu, "anamlilia bwana wake."

Watu walicheka, lakini si sana. Dereva alishusha miguu, akaanza kufungua kamba za lori.

Mimi sikushika spana. Hapakuwa na kitu kilichobaki ambacho sijakisafisha. Nilichoweza kufanya ni kuongeza mafuta tu, kama mtu anayemwekea mgonjwa maji hata kama hanywi. Nikapanda juu ya sanduku, nikashika kizibo. Hakikutoka. Nilikuwa nimekipigilia mwenyewe asubuhi, nilijua nguvu niliyotumia, na haikuwa ile. Kilikuwa kimevutwa ndani. Nikakishika kwa mikono yote miwili, nikakizungusha, kikatoka.

Tangi likavuta pumzi.

Sijui kulieleza kwa namna nyingine. Lilivuta pumzi ndefu, fyuuu, kama mtu aliyezamishwa majini akaachiwa. Mafuta yalikuwamo, zaidi ya nusu.

Nilisimama pale na kizibo mkononi, nikaiona akilini kofia ya Ildefonsi. Kwenye utepe wake siku zote kulikuwa na mwiba wa mlimau. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, aliuchomoa, akachokonoa juu ya kifuniko cha shaba, akaurudisha. Nilimwona mara nyingi kiasi kwamba sikuwahi kumwuliza. Kifuniko kile kilikuwa na tundu dogo. Mafuta yakishuka, hewa huingia ichukue nafasi yake. Isipoingia, mafuta hubaki yamening'inia na injini hufa na kiu huku tangi limejaa. Na kila nilipofungua kizibo kuongeza mafuta ndipo tangi lilipopumua, nami nikalisifu chujio, nikalisifu bomba. Mimi ndiye niliyeliziba, kwa upendo wangu wote.

Nilimwomba Mzee Abdalah amzuie dereva kidogo, nikamwomba mwanamke aliyekuwa akiuza mihogo ya kuchoma moto wake, nikapasha msumari mpaka ukawa mwekundu, nikaupenyeza katikati ya kizibo. Nikatoa hewa bombani. Nikazungusha hendeli, ikawaka.

Sikumwangalia dereva, wala Mzee Abdalah. Niliangalia kizibo. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita, debe likafuata debe. Jua lilipozama Mzee Abdalah alikuja akaniwekea mkono begani, akauacha hapo muda. Dereva alinunua mihogo, akaondoka na lori tupu.

Nyumbani nilimkuta mama yuko nje. Tulikula. Kofia ilikuwa imetundikwa ukutani kwake. Nikauchomoa mwiba.

Mavuno yalipokwisha nilikwenda Lionja na jogoo kwapani. Mwamina alikuwa anapepeta ufuta.

"Loo! Mwisho wa dunia umefika, Mmwera amekumbuka deni! Ndugu yako angekuja siku ya pili, akinitukana njia nzima."

"Nimekuja kukomboa, mtani."

Aliingia ndani, akatoka na kifuniko. Alikuwa amekisugua kwa majivu, kinang'aa kuliko kilivyong'aa kwetu. Alikishika, hakuninyooshea.

"Nikikupa hiki," alisema polepole, "nitakuja kwenu kumtukana nani?"

Niliangalia kile kifuniko. Nilikuwa nimetembea njia nzima nikikitamani. Kisha nikamwangalia jogoo.

"Mtani," nikasema, "huyu jogoo hajanona."

Mwamina alimbinya kifua. Macho yake yalikuwa na maji.

"Kumbe una macho! Umeniletea mifupa! Rudi naye, mla panya wee. Mnenepeshe. Nitakuja mwenyewe kumkagua, na nikikuta bado, nitateka na hendeli."

Jogoo yuko nyumbani, anakula pumba za mashine. Mwamina huja kila baada ya mavuno, humbinya, humtukana mama na mimi na marehemu, hula, huondoka. Kifuniko kiko Lionja. Kila asubuhi, kabla ya kushika hendeli, napitisha mwiba kwenye tundu la kizibo.