Hadi Diski Nzito

Baba alisimama mbele ya meza ya mchuuzi, pembeni mwa stendi ya Kayanga, hadi diski moja ya kompyuta mkono wa kulia na nyingine mkono wa kushoto, macho ameyafumba. Bodaboda walimpigia honi, wapagazi wakampita na magunia yao, yeye hana habari. Aliinua mkono huu kidogo, akaushusha ule, akatulia. Alipofumbua macho aliirudisha mezani ile nyembamba, ameishika kwa ncha za vidole.

"Hii ni pepe," akasema. "Haina kitu ndani."

Mchuuzi akacheka kwa furaha, na sasa najua alichokuwa akikifurahia. Akasema mzee ana jicho, kwamba ile nzito inabeba mara nane ya mwenzake, tena anaitoa kwa bei ya chini kwa kuwa ni mwisho wa mzigo. Mimi nilikuwa nimepewa maelekezo na Projestus, fundi wa kompyuta mwenye kibanda ng'ambo ya barabara: nisibabaishwe na ukubwa, nichukue ile nyembamba, hata nikiiona nyepesi. Niliyakumbuka maelekezo yake vizuri kabisa. Halafu nikaipokea ile nzito kutoka kwa baba, nikaipima mwenyewe, na mkono wangu ukakubaliana na wake.

Asiyelelewa kwenye kahawa atatuona wajinga. Kwetu Nyakakika, kabla kahawa haijaanikwa, baba huimwaga kwenye beseni kubwa la maji. Punje nzima huzama. Zilizoliwa na wadudu na zile zilizokaukia mtini huelea, naye huzichota juu kwa kiganja na kuzitupa huku akizitukana. Mimi nilianza kazi hiyo kabla sijajua kuandika jina langu. Maharage ya mbegu tunayachagua hivyohivyo, na hata mkungu wa ndizi mtu huunyanyua kwanza ndipo aseme lolote juu yake. Kizito kina kitu, chepesi kinakudanganya. Hiyo ndiyo elimu niliyoingia nayo shule, na shule haikuigusa.

Na tulichokuwa tunataka kukihifadhi kwenye diski ile kilikuwa mama.

Mama yangu, Kokuhirwa, alifariki miaka michache baada ya mimi kuolewa. Hakuacha sauti yake popote ila kwenye video ya sherehe yangu ya kuagwa, ambayo mume wangu Jovitus aliihamishia kwenye kompyuta yetu ya mezani, pale sebuleni, kabla sidii yake haijaharibika. Amesimama na gauni lake la kitenge cha bluu, kipaza sauti amekishika mbali na mdomo kana kwamba kitamng'ata, anatoa hotuba. Anawashukuru wakwe. Anaushukuru usharika, kwaya, majirani waliotoa ndizi, na dereva wa lori la viti aliyekwama kwenye tope akafika hata hivyo. Kisha ananigeukia na kuniambia kwa Kinyambo yale ambayo mama humwambia binti anayeondoka nyumbani, na katikati sauti inamkatika.

Kila Jumapili baada ya ibada baba alikuja kwangu kuiona hotuba hiyo. Alivua viatu mlangoni, nikamwamkia, "Shikamoo, Tata," akaitikia huku macho yake yameshafika kwenye kompyuta. Nilipomkaribisha chakula alinijibu kila mara, "Nimeshakula." Nikaacha kumsumbua, maana mzee akikwambia ameshakula utambishia nini?

Video yenyewe ilikuwa na sehemu mbili. Hotuba ilikuwa kwenye ya pili. Ya kwanza ilikuwa maandalizi ya asubuhi: masufuria, mahema, watu wakibeba viti. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuitazama.

"Ruka huko," baba alikuwa akisema, akipunga mkono. "Sikuja kuangalia masufuria. Nipeleke kwa mama yako."

Siku moja nilimtania. Nikamwambia, "Tata, mama amemshukuru mpaka dereva wa lori. Wewe hakukutaja."

Nilidhani atacheka. Badala yake aliangalia vidole vya miguu yake. "Huwa nasikiliza," akasema. "Labda kuna mahali alinitaja, nami sikusikia vizuri." Niliona haya, na tangu siku hiyo nilijua kinachomleta.

Basi kompyuta ilipoanza kulia tik-tik tumboni, na hotuba kuganda mama akiwa mdomo wazi, hatukuwa na mzaha tena. Projestus aliniambia kwa simu kwamba diski ya ndani inakufa. Ninunue eksteno, yaani hadi diski ya kuchomeka kwa nje, nihamishie huko kila kitu, kisha nimpelekee kompyuta aitie diski mpya. Jovitus alikuwa kazini Bukoba, na alitaka kuinunua hukohuko. Baba akakataa. Alisema eksteno ataichagua yeye na atailipia yeye, kwa kahawa yake, kwa kuwa mke ni wake.

Ndivyo tulivyofika kwenye meza ile ya stendi. Na tuliporudi Nyakakika, baba alikuwa ameipakata hadi diski mapajani, ameifunika kwa koti lake vumbi lisiifikie.

Kuhamisha kulikwenda bila tatizo. Jina la kila faili lilitokea kwenye diski mpya, picha za watoto, makaratasi ya Jovitus, sehemu zote mbili za video. Nikampigia baba simu kumwambia kwamba mama amehama salama.

"Si nilikwambia ni nzito?" akasema, na nilisikia anavyotabasamu.

Wiki hiyohiyo niliipeleka kompyuta Kayanga. Diski ya zamani ilikata roho mezani kwa Projestus, naye akaniambia nisijali, maana kila kitu tunacho. Akachomeka eksteno yetu. Akabonyeza hotuba, haikufunguka. Akabonyeza picha za watoto, zikagoma. Alijaribu kwenye kompyuta yake, akajaribu waya mwingine, kisha akaipima hadi diski mkononi, na uso wake ukabadilika.

"Dada Salvina," akasema, "naomba ruhusa niifungue."

Ndani ya kava hakukuwa na diski. Kulikuwa na memori kadi ndogo ya simu iliyogandishwa pembeni na, katikati, nati mbili kubwa za chuma zilizobandikwa kwa gundi, za kuongeza uzito tu. Projestus hakunicheka wala hakunikumbusha maelekezo yake. Alinieleza taratibu kwamba kitu kile kinaandika majina yote unayokipa, lakini tumbo lake ni dogo. Likishajaa, kinachofuata kinaachwa jina tupu.

"Kilichowahi kuingia mwanzoni huenda kimepona," akasema. "Niachie nichambue."

Nilivuka barabara mpaka stendi. Ile meza haikuwepo, na mama anayeuza karanga pale aliniambia mchuuzi yule hakuwa wa Kayanga. Nilisimama pale na zile nati mkononi, nikiwa na hasira ambayo haikuwa na wa kupewa. Kilichoniogopesha zaidi ni kwamba jioni ile ilinibidi nipite kwa baba.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameinamia beseni lake la kahawa. Alipoinua kichwa alikuwa na uso wa mtu anayesubiri mgeni.

"Mama yako amerudi kwenye kompyuta?"

 Nilimwekea nati mbili kwenye kiganja chake kilicholowa, ndipo nikaanza kumweleza, na alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akazitumbukiza kwenye beseni. Zilikwenda moja kwa moja chini, kati ya punje nzuri.

"Zimezama," akasema.

Alibaki ameinama, akiziangalia. "Nilimzika kwa mkono huu," akasema tena, "na sasa nimempoteza kwa mkono huuhuu."

Nilimwambia na mimi niliipima, na mkono wangu nao ulisema ni nzuri, kwa hiyo kama ni kosa ni letu sote. Akaniambia niache. Nililia pale kando ya beseni, mtu mzima mwenye watoto, na baba akaendelea kuchota mapepe na kuyatupa, ila hakuyatukana hata moja.

Jumapili iliyofuata hakuja kwangu. Iliyofuata pia hakuja. Kanisani aliketi karibu na mlango na kuondoka kabla sijafika nje, na majirani zake waliniambia kwamba siku hizi moshi hauonekani jikoni kwake. Nilipomuuliza kwa simu kama anakula, nadhani mnajua alivyonijibu.

Wakati huo kompyuta ilikuwa imesharudi, na Projestus alikuwa ameniokolea kilichookoleka. Kilikuwa faili moja. Aliponitajia ni lipi, nilicheka kicheko kibaya, maana lilikuwa sehemu ya kwanza, ile ya masufuria, iliyotangulia kuingia kwenye diski.

Jumapili nyingine nilimvizia baba mlangoni mwa kanisa.

"Tata, Projestus ameokoa kidogo. Ni ile ya asubuhi."

"Mimi nifanye nini na masufuria?"

"Njoo hata hivyo. Nyumba imekuwa kimya mno siku yako."

Akaja. Naamini alinihurumia mimi. Alivua viatu, akaketi kwenye kiti chake, mikono katikati ya magoti, nami nikafungua faili, na kwa mara ya kwanza hakuniambia niruke.

Mpiga video anakatiza uani kwetu, picha inayumba. Vijana wanasimamisha hema. Kuku anafukuzwa. Kisha anainama na kuingia jikoni, na ndani ya moshi, kwenye kigoda, mama ameipa kamera mgongo. Hajavaa kitenge cha bluu. Amejifunga kanga iliyopauka, anamenya ndizi, kisu kinakwenda haraka na maganda yanamwangukia miguuni. Baba alisogea mbele kitini. Huyu hakuwa mama wa hotuba, alikuwa mama wa siku zote, na hajui kama anaonekana.

Pembeni yake ni mdogo wake, mama mdogo Agnetha. Tunasikia sauti yake akiuliza kuhusu sahani moja iliyowekwa kando na kufunikwa kwa jani la mgomba.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya Baba Salvina," mama anasema. "Leo ana wageni wengi, atazunguka na tumbo tupu mpaka jua lizame."

"Si atakuja kuomba akiona njaa?"

Mama anacheka. Nilikuwa nimesahau anavyocheka, maana kwenye hotuba hacheki.

"Huyo aombe? Ukimuuliza atakwambia ameshakula. Usimsikilize. Akisema ameshakula, ujue hajala. Miaka yote namjua. Wewe usimuulize kitu, mwekee tu mbele yake, uondoke."

Hapo anahisi mtu nyuma yake. Anageuka, anaiona kamera, na kumfukuza mpiga video jikoni huku kisu kingali mkononi. Picha inarudi uani, kwenye viti.

Sikuthubutu kumwangalia baba.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Tukasikiliza tena, ya nani, ya Baba Salvina, mpaka kicheko, mpaka kisu. Nikarudisha tena bila kuambiwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni na hakuyafuta.

"Amenitaja," akasema.

"Amekutaja, Tata."

Harufu ya ndizi na maharage ilikuwa inatoka jikoni kwangu. Nikamwambia chakula kipo tayari.

"Nimeshakula," akajibu, kwa mazoea tu, macho hayajabanduka kwenye kioo.

 Nilikwenda jikoni, nikapakua sahani ikajaa, nikairudisha sebuleni na kumwekea mbele yake. Kisha nikaondoka.