Sifuri Inayokaa Mbele

Bosi alisema mambo mawili tu. Rangi zote za stoo ziingie kwenye kompyuta kabla hajarudi Jumamosi, na kama siwezi, funguo za stoo nimkabidhi mpwa wake. Nikamjibu naweza. Hadi siku ile, kompyuta nilikuwa nikiziona benki, tena kwa upande wa pili wa kioo.

Sisi tunapaka magari. Kila kopo lina namba ubavuni. 452 ni krimu, 0452 ni nyeupe ya teksi. Ukikosea, mlango unakuwa wa gari hili na bodi ya gari lile, na mwenye gari anakuja juu.

Nikaandika 0452, nikabonyeza. Sifuri ikatoweka. Nikarudia polepole. Ikatoweka. Nikabonyeza kwa nguvu.

"Hata ukiipiga ngumi, haitakuogopa," akacheka Msasa, fundi wa kusugua bodi, aliyemuoa dada yangu. Vumbi lilikuwa limemjaa mpaka kope. "Shemeji, sifuri ya mbele haina kazi. Hata mashine inajua."

"Kapake krimu kwenye teksi, halafu urudi uniambie."

Akavuta kiti. Akasema tuiambie mashine kila namba iwe na tarakimu nne, penye pengo ijaze sifuri yenyewe, tukanywe chai. Nilitamani, sikatai. Lakini krimu nayo ingegeuka 0452, stoo ingebaki na nyeupe mbili.

"Bosi hatajua."

"Mlango utajua."

Nikampigia binti yangu, karani wa zahanati.

"Baba, usipige kelele, nakusikia. Unaijua alama ya ng'ombe?"

"Ng'ombe ameingiaje kwenye rangi?"

"Ile inayokaa juu, baada ya ng. Anza nayo, ndipo uandike sifuri. Mashine itaona ni maandishi, si hesabu. Haitagusa kitu."

Nikabonyeza huku nimefumba jicho moja. Sifuri imetulia, na alama yenyewe haionekani.

"Na zile za mwanzo zitarudi?"

"Zimeshaliwa, baba. Rudia."

Rafu tatu nzima nilikuwa nimeshaziandika, na kwenye kioo cha kompyuta usingejua ipi ilinyang'anywa sifuri na ipi haikuwa nayo. Nikazifuta zote. Msasa akanung'unika, kisha akachukua kitambaa, akaanza kufuta makopo na kunisomea.

"Ng'ombe, sifuri, tatu, moja, nane!"

"Isiyo na sifuri usiniwekee ng'ombe."

"Sawa, mchungaji."

Wateja walipita wakidhani tumerukwa na akili. Hatukuacha mpaka kopo la mwisho, lile lililokwama nyuma ya ngazi.

Jumamosi bosi akaja na mpwa wake, shati jeupe limepigwa pasi. Akaonyesha basi lililosimama uani. "Tafuta kijani yake."

Mpwa akakaa, akatafuta. Zikatokea mbili, 0318 na 318, kila moja na maelezo yake. Akasoma, akachagua yenye sifuri, iliyoandikwa ni ya mabasi. Msasa akapaka kidogo juu ya gurudumu. Tukasubiri ikauke. Bosi akainama, akapinda shingo huku na huku, akapapasa kwa kidole. Hakuona mpaka wa rangi.

"Funguo ziko wapi?"

"Mfukoni mwangu."

"Zikae huko huko. Na huyu umfundishe kazi."

Nikamtazama mpwa. "Shati hilo kalivue kwanza."