Mikate Tisa ya Casilda

Kila Jumatatu na Alhamisi za mwezi wa mavuno, saa kumi na mbili na robo jioni, Casilda Oñate alitoa mikate tisa kwenye tanuri, akaipanga kikapuni, akaifunika kwa kitambaa cha drafti za buluu, akashika njia ya mlimani. Njia hiyo hukatiza shamba la matufaha la Don Evelio, lenye ukuta wa mawe pande zote na lango moja. Langoni alikaa Don Evelio mwenyewe, kwenye kiti cha plastiki.

"Umebeba nini leo, Casilda?"

"Mkate."

Don Evelio alifunua kitambaa. Ndani mlikuwa na mafungu tisa ya mawaridi mekundu yenye umande, ingawa ilikuwa Septemba na mvua haikuwa imenyesha tangu Julai. Alichomoa ua moja la kumpelekea mkewe, akafungua lango.

"Mkate wako unapendeza. Pita."

Pale Quintanaseca, kijiji cha milimani Uhispania, jambo hili halikumshangaza mtu. Kila ukoo una lake. Kwa kina Ruiz wanaume huota upara wakiwa na miaka ishirini. Kwa kina Oñate, mwanamke aitwaye Casilda akiulizwa na mwenye mamlaka amebeba nini, mkate wake hugeuka mawaridi. Ilikuwa hivyo kwa mama yake, na kwa bibi yake wakati wa vita, wote wakiitwa Casilda.

Jina lenyewe ni la binti wa mfalme wa Kiislamu wa Toledo, aliyewapelekea mkate mateka wa Kikristo kwa siri. Baba yake alimkuta njiani akamuuliza amebeba nini, naye alipofunua vazi lake palikuwa na mawaridi. Baadaye binti huyo alikuja kuishi kwenye milima hii, akafa mtakatifu. Padri huisimulia habari hiyo kila tarehe tisa Aprili, na watu hulia kidogo. Katika miaka yake sitini na mmoja, Casilda hajasikia mtu akiuliza wale mateka walikula nini siku ile.

Mateka wake yeye walikuwa vibarua kumi na wanne kutoka Moroko, waliolazwa kwenye ghala la Don Evelio, chini, juu ya magunia. Kwenye karatasi ghala lile lilikuwa la kuhifadhia matufaha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Don Evelio alitoa jembe kabla mgeni hajatua mzigo. Chakula kilikuwa dengu mara moja kwa siku, na aliyeonekana kijijini akinunua kingine hakuitwa kazini kesho yake. Watu wa kijiji nao walikatazwa kuingia, isipokuwa Casilda, maana mtu haogopi mwanamke mwenye maua.

"Karibu, mama," alisema Abdeslam, aliyekuwa mkubwa wao, akipokea kikapu kwa mikono miwili. "Leo yametoka mazuri."

"Nisamehe. Mikate ilikuwa ya moto kabisa."

"Hata harufu yake bado ipo." Aliyanusa, akayatia kwenye debe la maji. "Kwetu tuna bonde zima la mawaridi, mama, chini ya milima ya Atlas. Niliacha mawaridi nikaja kutafuta mkate."

Alisema hivyo bila uchungu, na wenzake wakacheka. Casilda naye alicheka, kisha akaona aibu. Abdeslam alimwambia pia kwamba jina lake analijua: kwao kasida ni utungo wa kuimba, na huyo binti wa mfalme lazima baba yake alikuwa mpenda nyimbo. Casilda alifurahi. Alirudi nyumbani akijiona mrefu zaidi.

Alikuwa amejaribu mbinu zote. Kimanda cha viazi kiligeuka mawaridi ya njano yaliyonuka kitunguu. Soseji ya damu haikugeuka kitu, lakini ilikuwa ya nguruwe na hakuna aliyeigusa. Alimtuma jirani yake Hermógenes, ambaye jina lake halina miujiza. Mkate ulibaki mkate, na Don Evelio akawatupia kuku wake. Basi akaendelea kwenda mwenyewe. Angalau akiwa ndani aliona. Ndiye aliyeuona mkono wa Brahim, mmoja wa vibarua, uliokatwa na msumeno wa kupogolea, akausafisha na kumwita daktari, na mkono ukapona.

Wiki hiyohiyo binti yake Noelia alifika kutoka Bilbao, mimba ya miezi minane, kuja kuzaa karibu na mama. Alikuwa anatarajia mtoto wa kike. Casilda hakupoteza muda.

"Na jina?"

"Vera."

"Shangazi yupi huyo?"

"Hakuna shangazi, mama. Ni zuri tu."

"Mimi nilienda kisimani kwa mtakatifu nikakutupia kigae, ujue. Jiwe ni la mvulana, kigae ni cha msichana. Yeye amekupa msichana, wewe unamnyima jina?"

Noelia aliweka kijiko chini. "Umenitupia kigae bila kuniuliza?"

"Ulikuwa kazini."

"Mama, nenda ofisi ya usajili uwaulize. Akina Casilda waliobaki wote wana meno ya bandia. Na mwanangu abebe maua miaka sitini watu wakifa njaa? Hilo si jina, ni kazi isiyo na mshahara."

Casilda alijua neno hilo ni kweli. Lakini lilimuuma. Yeye akifa, jina lingekwisha ukoo mzima, kama taa inayozimwa na mtu wa mwisho kutoka chumbani, na hilo ndilo jambo pekee alilokuwa bado analitaka duniani.

Mwishoni mwa Septemba mkaguzi wa kazi alikuja na gari jeupe. Mtu alikuwa ameandika barua ya malalamiko. Don Evelio alimpeleka ghalani bila wasiwasi. Mawaridi ya Casilda hayanyauki mpaka mavuno yaishe, na wakati huo yalikuwa kwenye kila debe, kwenye kila dirisha, na kati ya magunia, mekundu na ya njano. Mkaguzi alisimama mlangoni akavuta pumzi ndefu.

Casilda alimfuata mpaka kwenye gari.

"Bwana, wale watu wana njaa. Wanalala chini, na bomba ni moja, liko nje."

"Mama," alisema mkaguzi kwa upole, "mwenye njaa hapambi nyumba."

Akaandika kwamba hali ni nzuri, na mazingira yananukia. Don Evelio alimpa waridi moja la kumpelekea mkewe.

Jioni ile Casilda hakukanda unga. Alikaa jikoni mikono imelala mapajani, akalia kwa hasira.

"Mwite Vera," alimwambia Noelia. "Jina hili halijamshibisha mtu hata mmoja. Sasa limewafungia na mlango."

Alhamisi hakwenda. Jumatatu iliyofuata hakwenda. Don Evelio aliuliza habari za maua, kwa sababu mkewe alikuwa amezoea. Siku ya nane Abdeslam alipita ukutani akamwita Hermógenes kwa sauti ya chini, akampa maneno ya kupeleka: Brahim ana homa, na mama aje hata kama hana kitu.

Noelia ndiye aliyeamka akawasha tanuri. Alibeba kikapu mwenyewe, akihema, mama yake akimsindikiza, na kabla ya kufika langoni alivunja kipande cha mkate akala, maana alikuwa na njaa ya mja mzito. Casilda alichukua kikapu. Don Evelio aliuliza, kitambaa kikafunuliwa, mawaridi yakawapo, lango likafunguka, Noelia akapita pamoja na mama yake. Walimkuta Brahim anatetemeka, wakampelekea daktari. Njiani wakirudi Noelia alijishika tumbo.

"Kile nilichokula mimi hakikugeuka," alisema.

"Ulikuwa umeshameza."

Mtoto alizaliwa siku ya tatu yake, mzima, mwenye sauti.

Karani wa usajili alikuwa mtu wa maneno mengi. Alisema mwaka ule ameandika akina Vera sita.

"Huyu ni Casilda," alisema Noelia.

Karani aliinua kichwa. "Tangu nianze kazi sijaandika hata mmoja."

"Basi anza."

Casilda mkubwa alikuwa amesimama nyuma yake, amebeba mtoto. "Mwanangu, ulikataa. Na ulikuwa na haki."

"Jina halilishi, mama, nimeona. Lakini lango lile halimfungukii mtu mwingine. Nani ataingia kuona wana nini?"

Casilda alifurahi mno hata akasahau kuchukua cheti.

Mwaka uliofuata mitufaha ilizaa sana. Ghala lilikuwa lilelile, bomba lilelile, na ripoti ya mkaguzi ilikuwa imebandikwa mlangoni ndani ya plastiki. Abdeslam alirudi, Brahim alirudi, na wapya wanne. Alhamisi ya kwanza Casilda alipanda mlimani na kikapu mkono mmoja, mkono mwingine akisukuma kigari cha mjukuu wake. Mtoto alikuwa ameshika ganda la mkate, akiling'ata kwa meno mawili.

Don Evelio alifunua kitambaa, akachukua waridi lake. Kisha akainama kigarini akitabasamu, kwa sababu si mtu mkali.

"Na wewe, Casilda mdogo. Umebeba nini?"

Mtoto alimtazama. Alikwisha kulitia lile ganda mdomoni lote, mashavu yakajaa. Alitafuna polepole bila kumwondolea macho, akameza, akamfunulia kiganja kitupu.

Don Evelio alingoja kidogo. Hapakutoka hata jani. Kwenye mlango wa ghala Abdeslam aliyekuwa akitazama alipiga makofi mara moja, kisha akaja kukipokea kikapu kwa mikono miwili, akaenda kutafuta madebe.